Saruji, tofali la kuchoma, la kufungamana au jiwe: ukuta upi ubebe nyumba yako?

Kila anayenunua matofali analijua jaribio la kwanza. Unalinyanyua tofali mpaka usawa wa kiuno, unaliachia, unasikiliza. Likigawanyika vipande viwili unatikisa kichwa na kuondoka. Likibaki zima, unaanza kuulizia bei. Nimelifanya jaribio hilo miaka mingi kwenye vibanda vya kufyatulia matofali, Dar es Salaam na Morogoro, na sijaliacha mpaka leo. Lakini lina upungufu mmoja mkubwa: linapima tofali, na nyumba haibebwi na tofali. Inabebwa na ukuta. Ndani ya ukuta kuna tofali, kuna udongo wa kujengea (mchanganyo unaoshikanisha matofali), kuna kimo na unene, kuna kona, lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) na mkono wa fundi. Kimojawapo kikilegea, uzima wa tofali hausaidii sana.

Ndiyo maana wanaouliza "lipi imara zaidi?" hupewa majibu yanayogongana. Aliyejenga Mafinga anasifia tofali la kuchoma, wa Kibaha anakuapia kwa tofali la saruji la inchi 6, jamaa wa Nairobi anashangaa kwa nini mnahangaika wakati mawe yapo. Wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa kiwanja chake.

Hesabu ya kufanya kwanza

Chukua nyumba ya chini ya kawaida: paa la bati, ukuta wa inchi 6, kimo cha mita 3. Mita moja ya ukuta huo ina uzito wa kilo 900 hivi. Ongeza kenchi na bati, tuseme kilo 500 kwa kila mita ya ukuta. Jumla tani 1.4, zinazokalia eneo la sentimita 15 kwa 100. Ukigawanya hupati hata kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Tofali dhaifu la nyutoni 3 kwa milimita ya mraba linapondeka kwenye kilo 30 hivi kwa sentimita ya mraba. Kwa hiyo nyumba ya chini ikianguka, ni nadra sana kuwa tofali limepondwa na mzigo. Imesukumwa kando, imelainika kwa maji, au msingi umetitia.

Sasa weka ghorofa moja juu yake, slabu (sakafu ya zege) ya sentimita 15, na vyumba vya mita 4 kila upande wa ukuta. Mita ileile ya ukuta wa chini inabeba tani 5 na ushee, zaidi ya kilo 3 kwa sentimita ya mraba. Ukuta uliojengwa kwa tofali lilelile la kilo 30, ukishapunguza kwa ajili ya udongo wa kujengea, wembamba wa ukuta na tahadhari ambazo mhandisi lazima aziweke, unaruhusiwa kubeba kama kilo 2 na nusu. Hapo umeshapitwa, na kwa macho ukuta unaonekana mzuri tu.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jua unajenga nini. Vifaa vyote vinne, yaani tofali la saruji, la kuchoma, la kufungamana (linaloshikana na jirani yake bila udongo wa kujengea) na jiwe, nitavipima kwa mambo matano: mzigo unaoshuka, kusukumwa kando, maji, makosa ya fundi, na fedha.

Mzigo unaoshuka

Hapa utafiti umefika mbali, na una jambo moja linalowashangaza wengi. Mwaka 1969 mtafiti Hilsdorf alieleza jinsi ukuta wa tofali unavyokufa ukizidiwa. Udongo wa kujengea kwa kawaida ni laini kuliko tofali. Ukikandamizwa unataka kutanuka kwenda kando. Tofali la juu na la chini yanauzuia, na katika kuuzuia yenyewe yanavutwa. Tofali linavumilia sana kukandamizwa ila kuvutwa haliwezi, basi linapasuka wima. Ukuta uliozidiwa unaonyesha nyufa za kusimama katikati ya matofali muda mrefu kabla ya tofali lolote kupondeka. Ukiziona nyufa hizo chini ya slabu, usizipake rangi. Ita mhandisi.

Kutokana na hilo, ukuta siku zote ni dhaifu kuliko tofali lake. Kiwango cha Ulaya cha Eurocode 6 kina kanuni yake: ukiongeza nguvu ya tofali maradufu, ukuta unapata nyongeza ya asilimia 60 hivi; ukiongeza nguvu ya udongo wa kujengea maradufu, unapata asilimia 23 tu. Kwa lugha ya saiti, mfuko wa saruji unaofanya kazi kubwa ni ule ulioingia kwenye tofali. Mwenye nyumba anayelazimisha mchanganyo mkali sana wa kujengea juu ya matofali ya ovyo anatupa fedha, tena nyufa zake zitapita katikati ya matofali badala ya kufuata viungo vilivyo kati yake.

Tofali la saruji lililofyatuliwa vizuri linabeba vizuri, lina vipimo vinavyofanana, na kiungo chake kinaweza kubaki milimita 10 kama inavyotakiwa. Tatizo ni hilo neno "vizuri". Siku moja nilikaa kwenye kibanda kimoja nikahesabu: mfuko mmoja wa kilo 50 ulitoa matofali 52 ya inchi 6. Tofali la sentimita 45 kwa 23 kwa 15 lina ujazo wa lita 15 na nusu. 52 ni zaidi ya lita 800. Mfuko wa saruji ni kama lita 35. Saruji ilikuwa sehemu moja kati ya 23! Mwenye kibanda aliniambia, "Mzee, wateja wanataka bei." Kwa matofali 30 kwa mfuko, saruji inakuwa moja kati ya 13, na hapo ndipo ninapoanza kulala usingizi.

Tofali la kuchoma lililoiva sawasawa linaweza kuwa gumu kuliko hilo la saruji. Lakini tanuru la kuni haliivishi sawa. Yaliyo karibu na moto yanaungua mpaka yanapinda, ya nje yanabaki mabichi, ya katikati ndiyo mazuri. Yaliyopinda yanamlazimisha fundi kujaza kiungo cha sentimita 2 au 3 ili mstari unyooke, na kiungo kinene ndicho kinachovuta tofali lipasuke, kama Hilsdorf alivyoeleza. Ukichambua na kutupa yaliyopinda na mabichi, ukuta wako ni mwingine kabisa.

Tofali la kufungamana, la udongo mwekundu na saruji kidogo lililogandamizwa kwa mashine, halina udongo wa kujengea kabisa. Unaweza kudhani limeikwepa shida hiyo, lakini lina ya kwake. Tofali moja likizidi jirani yake kwa milimita moja, mzigo wote unapita kwenye lile lililonyanyuka, na nyufa zinaanza mapema. Uimara wake umo kwenye usahihi wa mashine na kwenye mstari wa kwanza, ambao lazima ulazwe kwa saruji na kupimwa pima maji kila tofali. Jambo jingine: tofali fupi hudanganya mashine ya maabara. Vyuma vya mashine vinalibana juu na chini, nalo linaonekana gumu kuliko lilivyo, ndiyo maana wataalamu hurekebisha namba kwa umbo. Usichukue namba ya tofali la kufungamana lenye kimo cha sentimita 10 ukailinganisha moja kwa moja na ya tofali la saruji la sentimita 23.

Jiwe linategemea ni jiwe gani. Yale yanayokatwa kwa mashine kama ya Ndarugo, ambayo Nairobi na Kiambu wanayajengea sana, yana sura zilizonyooka na unene wa kutosha. Matumbawe ya pwani ni mepesi na yana vinyweleo, na ukuta wa kale wa matumbawe na chokaa ulibeba ghorofa kwa unene: nusu mita na zaidi.

Kuhusu unene, kanuni hiyohiyo ya Ulaya hairuhusu kimo kinachohesabika cha ukuta kuzidi unene wake mara 27. Inchi 6 inaishia kama mita 4. Inchi 5 haifiki mita 3 na nusu. Sebule za dari refu za siku hizi zinapakaribia hapo bila mwenyewe kujua.

Kusukumwa kando

Hili ndilo la nyumba nyingi zetu, na ndilo linaloulizwa kidogo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera. Bukoba na vijiji vya jirani walipoteza watu, na nyumba nyingi zikapasuka au kuanguka. Tetemeko la kiwango hicho, kwa dunia nzima, ni la wastani. Kilichozua maswali kilikuwa namna kuta zilivyounganishwa kwenye kona na juu ya madirisha.

Ulinganisho mkali zaidi ni wa mwaka 2010. Tarehe 12 Januari tetemeko la 7.0 liliiangusha Port-au-Prince, Haiti, na waliokufa walizidi laki moja. Tarehe 27 Februari Chile ilipigwa na la 8.8, lenye nishati mara mamia ya lile, na waliokufa walikuwa mamia. Kina na umbali wa kitovu vilichangia, tusidanganyane. Lakini Chile kwa miaka mingi wamejenga ukuta wa tofali uliofungwa: wanapandisha ukuta kwanza, wanaacha mwisho wake ukiwa na meno, kisha wanamwaga nguzo nyembamba za zege zinazoyang'ata yale meno, na juu wanazungusha lenta. Ukuta na nguzo vinakuwa kitu kimoja. Mafundi wetu wengi hufanya kinyume: nguzo zinasimama kwanza, matofali yanajazwa baadaye, na kati yake panabaki ufa mwembamba uliofichwa na plasta.

Kwa kigezo hiki tofali la saruji na la kuchoma yako karibu sawa, mradi la kuchoma limelowekwa maji kabla ya kujengwa. Likiwa kavu linafyonza maji ya udongo wa kujengea, na saruji inabaki unga usioshika kitu. Tofali la kufungamana lina vidole vinavyozuia kuteleza, ila hakuna gundi kati ya mstari na mstari, kwa hiyo matundu ya kona na kando ya milango yanatakiwa yapitishwe nondo na kumwagwa zege. Ukifanya hivyo una ukuta mzuri wa kuvumilia mtikisiko. Usipofanya, umepanga tu. Jiwe lina uzito unaoutuliza ukuta dhidi ya upepo, lakini kwenye tetemeko uzito huohuo unageuka adui. Ukuta wa nyuso mbili uliojazwa kifusi katikati unaweza kujigawa, uso mmoja ukaenda zake. Mawe marefu yanayovuka unene mzima wa ukuta ndiyo dawa.

Maji

Saruji inavumilia, isipokuwa mchanga ukiwa wa baharini: chumvi inatafuna nondo za lenta, na miaka michache baadaye zege linabanduka. Tofali bichi la kuchoma linarudi kuwa udongo. Loweka moja kwenye ndoo usiku kucha, ukiona maji yamekuwa chai ya maziwa, rudisha mzigo. Lililoiva vizuri halina wasiwasi na mvua, na huhitaji hata kulipiga plasta nje.

Tofali la kufungamana linaogopa michirizi inayoruka kutoka chini. Pandisha msingi, toa upenu mrefu, na usijengee udongo wa mfinyanzi mweusi. Kuna kipimo rahisi cha udongo: kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 60 na upana na kina cha sentimita 4. Unajaza udongo mbichi, unaukausha, unaangalia umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana, ongeza mchanga na saruji au tafuta udongo mwingine.

Matumbawe na chokaa yanataka kupumua. Ukiyapiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza taratibu. Na majengo ya kale hayataki mchezo: katika Mji Mkongwe wa Zanzibar jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Jengo la namna hiyo haliguswi na fundi wa inchi 6, hata awe hodari vipi.

Makosa ya fundi

Tofali la saruji linasamehe zaidi, kwa kuwa kila fundi analijua. Dhambi yake kubwa inatendeka kabla halijafika saiti: kuuzwa siku ya tatu bila kumwagiliwa. Yanywe maji angalau siku 7, na kwa ghorofa subiri siku 28. La kuchoma linasamehe kiasi. La kufungamana halisamehi kabisa. Mstari wa kwanza ukienda mrama, wa kumi na mbili utakuonyesha. Jiwe la kuchongwa kwa mkono linataka mtu aliyelelewa nalo, na huyo huwezi kumpata kila wilaya.

Fedha

Bei sitaitaja, kesho itakuwa nyingine. Kinachoamua ni usafiri. Tofali la inchi 6 lina kilo 30 hivi na mita ya mraba inakula 9, yaani kilo 270 hivi kabla ya plasta. Barabara ikiwa mbaya, lori linakula faida yote. La kufungamana linafyatuliwa palepale kiwanjani, halitumii udongo wa kujengea na linaweza kuachwa bila plasta, ila ulipie au uazime mashine. Wakala wa utafiti wa nyumba bora wa Tanzania, NHBRA, amelisukuma tofali hili miaka mingi, na inafaa kwenda kuwauliza kabla ya kununua mashine ya mtu. La kuchoma ni rahisi pale kuni zilipo rahisi, na hilo lenyewe ni deni kwa msitu. Jiwe ni rahisi kilomita chache kutoka kwenye machimbo, na ghali kila mahali kwingine.

Kwa hali yako

Unajenga nyumba ya chini Dar, Pwani au Dodoma, mchanga mzuri upo, mafundi wapo: tofali la saruji litakufaa, mradi ukae mwenyewe kibandani siku ya kufyatua na kuhesabu mfuko unatoa mangapi. Ukikubali 30 mpaka 35, lipa tofauti ya bei bila kinyongo.

Uko nyanda za juu, Iringa au Mbeya, na jirani ana tanuru: chukua la kuchoma, ila nunua zaidi ya hesabu yako ili upate nafasi ya kuchambua. Yaliyopinda yatumie kwenye kibaraza na njia.

Kiwanja chako kiko mbali na barabara, udongo mwekundu upo chini ya miguu yako, na una subira: tofali la kufungamana linakusubiri wewe. Linafaa pia shule na vikundi vinavyojenga kwa nguvu za wanachama, kwa kuwa kazi nyingi ni mikono na saruji ni kidogo. Usimpe fundi ambaye hajawahi kulijenga, hata akisema ni rahisi.

Kwa Kenya, karibu na machimbo ya mawe ya kukata, jiwe ni jibu la kawaida na halina ubishi. Mwenye nyumba ya kale Lamu, Mombasa au Unguja abaki na matumbawe na chokaa yake.

Kagera, au popote penye historia ya mitikisiko: chagua kifaa chochote kati ya hivi vinne, lakini kifunge. Nondo kwenye kona, meno kwenye nguzo, lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika. Madirisha yasisogelee kona.

Unataka ghorofa? Chukua matofali kadhaa kutoka kwenye mzigo wenyewe, si yale unayochaguliwa na muuzaji, uyapeleke maabara, na mhandisi apige hesabu kwa namba hizo. Zikitoka ndogo kuna njia tatu: tofali bora zaidi, kulaza tofali ili ukuta uwe wa sentimita 23, au fremu ya nguzo na mihimili ya zege ambapo ukuta unajaza tu.

Na kama wewe unasoma haya ukuta umeshafika juu ya madirisha kwa matofali usiyoyaamini, nyumba yako bado ni ya chini na lenta haijamwagwa. Peleka fedha iliyobaki huko. Kwa nyumba ya kawaida nondo nne za milimita 12 na ringi (vyuma vyembamba vya kuzifunga) kila sentimita 20 zinatosha, na kwenye kona nondo zikunjwe na kupishana na wenzake sentimita 60, zisiishie pembeni. Nenda ukaziangalie kona zote nne kabla ya fundi kufunga mbao za mwisho.